Mapupu ya mbuzi kuwa jeli ya kukuzia seli za mapafu: nianzie wapi?

Swali: Daktari, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili katika sayansi za tiba hapa Tanzania. Nimesoma kwamba maabara za Ulaya na Marekani huchukua mapafu ya nguruwe, huyaondolea seli zote, kisha hugeuza kilichobaki kuwa haidrojeli, yaani jeli iliyojaa maji, ya kukuzia seli za mapafu. Kwetu nguruwe ana shida zake, za dini na za upatikanaji, lakini mapupu ya mbuzi yamejaa machinjioni. Je, naweza kuyatumia? Nianzie wapi? Na jeli hiyo inaweza kuja kuwa pafu la kumpandikizia mgonjwa? Msimamizi wangu anasema mradi ni mkubwa mno kwa uzamili.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo litakalopunguza mradi hadi msimamizi wako aukubali. Hapana, jeli hii haitageuka pafu. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa milioni mia kadhaa, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko maikromita moja. Umbo hilo ndilo linalopumua, na katika kutengeneza jeli tunalivunja kwa makusudi.

Wanaotafuta pafu zima wana njia yao. Mwaka 2010 makundi mawili ya Marekani, la Laura Niklason wa Chuo Kikuu cha Yale na la Harald Ott wa Massachusetts General Hospital, yalichukua mapafu ya panya na kuyapitishia sabuni za maabara kwenye mishipa ya damu na njia ya hewa mpaka seli zikatoka zote. Kikabaki kiunzi cheupe, kila kifuko na kila mrija mahali pake. Wakapanda seli mpya, wakakirudisha kiunzi kifuani mwa panya, nacho kikabadilishana hewa kweli, ila kwa muda mfupi: kule Yale haukuzidi saa mbili, kwa Ott ulifika saa sita. Baadaye kazi hiyo imefika kwa nguruwe, lakini hakuna mgonjwa anayetembea na pafu la namna hiyo.

Sasa jeli ni ya nini? Seli za mapafu zikikuzwa maabara kwa kawaida hukaa juu ya plastiki, na plastiki ya sahani zetu ni ngumu kuliko pafu kwa zaidi ya mara milioni moja. Pafu lenye afya lina ukakamavu wa kilopaskali 2 hivi. Lililojaa makovu hufika 16 au 17. Seli huzihisi tofauti hizi. Fibroblasti, yaani zile seli zinazosuka nyuzi za tishu, ukiziweka juu ya kitu kigumu huanza kuvuta na kumwaga kolajeni kana kwamba ziko kwenye kidonda. Ukijaribu dawa hapo, unaijaribu kwa seli ambazo tayari zimeshabadilika tabia. Jeli inakupa mawili kwa pamoja: ulaini ulio karibu na tishu yenyewe, na protini za pafu lenyewe, yaani kolajeni za aina mbalimbali, laminini, fibronektini, vipande vya elastini, pamoja na sukari ndefu zinazoshika maji. Maabara nyingi hutumia Matrigel, jeli ya dukani ambayo hupatikana kutokana na uvimbe wa saratani ya panya na imejaa laminini kuliko kitu kingine. Ni bidhaa nzuri kwa kazi fulani, lakini pafu halimo.

Kuhusu mbuzi: ndiyo, sioni sababu ya kibayolojia ya kumkataa. Kazi nyingi zilizochapishwa ni za nguruwe, mfano ile ya kundi la Rebecca Heise wa Virginia Commonwealth University ya mwaka 2016, kwa sababu kule nguruwe wa machinjioni hupatikana kwa urahisi, wa umri mmoja na lishe moja. Kolajeni ya mbuzi na ya nguruwe zinafanana sana, na zote mbili ziko karibu na ya binadamu. Mbuzi ana hata nafuu moja. Mapafu ya nguruwe na ya ng'ombe yamegawanywa na kuta nene za nyuzi kati ya kipande na kipande, ambazo kwenye mbuzi ni hafifu. Ukisaga mapafu ya ng'ombe, sehemu kubwa ya unga wako ni hizo kuta. Kwa mbuzi unapata zaidi tishu ya vifuko, ambayo ndiyo unayoitaka.

Nafuu nyingine imo kwenye namna ya kufanya kazi. Anayetafuta pafu zima anahitaji kiungo kisicho na mchubuko, maana kikitoboka sabuni inavuja. Machinjioni kwetu mkaguzi wa nyama hupapasa mapafu na akishuku kitu anayachanja, na kwa mtu wa pafu zima hapo kazi imekwisha. Wewe utayakatakata vipande vidogo hata hivyo. Kisu cha mkaguzi hakikudhuru, bali kinakusaidia, kwa kuwa mkaguzi ndiye atakayekwambia lipi ni zima.

Na usilichukulie jambo hilo kwa mzaha. Mbuzi wa kwetu hupata homa ya mapafu, ile inayosababishwa na maikoplazma, na kimelea chake kilitengwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1976. Mbuzi aliyeugua akapona hubaki na makovu, na makovu ni matriksi (kiunzi cha protini kinachoshikilia seli) tofauti: kolajeni nyingi, iliyofungamana. Wapo wenye malengelenge ya maji ya tegu wa mbwa, wapo wenye minyoo ya mapafu, wapo wenye kifua kikuu. Chagua pafu la rangi ya waridi iliyofifia, jepesi, linalobonyea kama sponji kila mahali. Sehemu yoyote iliyokuwa nzito na nyekundu kama ini, iache. Kisha pasua njia kuu ya hewa utazame ndani: mnyama aliyekatwa koo mara nyingi huvuta damu, na wakati mwingine majani ya tumboni, katika pumzi zake za mwisho. Damu inaoshwa. Majani ya tumboni huja na bakteria wengi mno, pafu hilo liache tu.

Tazama na meno. Mbuzi mwenye meno ya maziwa yote ni mchanga, hajafika mwaka mmoja na nusu hivi. Kolajeni ya mnyama mzee imefungamana zaidi, hukawia kuyeyuka, na jeli yake hutoka tofauti. Machinjioni umri umechanganyika, kwa hiyo amua kundi moja ulishike na uliandike. Nenda na barua ya chuo na kibali cha kamati yako ya maadili hata kama mnyama hakuchinjwa kwa ajili yako. Afisa mifugo ataiuliza, na jarida litaiuliza. Beba mapafu kwenye barafu, ndani ya mfuko, yasigusane na maji ya barafu.

Tufike kwenye kuosha, na hapa nitakaa kidogo. Wanafunzi wengi hufikiri ufundi uko kwenye kugandisha jeli. Kugandisha ni nusu saa. Jeli nzuri au mbaya huamuliwa siku kadhaa kabla, kwenye ndoo za kuoshea, na jeli nyingi zinazoua seli ziliharibikia huko.

Toa kwanza mirija mikubwa yenye gegedu na ngozi nyembamba ya nje. Gegedu haiyeyuki vizuri, tena inaleta kolajeni ya aina nyingine isiyo ya vifuko. Kinachobaki kikate vipande vya nusu sentimita au chini yake. Utakutana mara moja na tatizo ambalo vitabu havilitaji sana: vipande vya mapafu vinaelea. Vina hewa ndani, vinapanda juu ya maji, na upande ulio juu hauoshwi hata ukikoroga siku nzima. Dawa yake ni rahisi. Jaza vipande kwenye bomba kubwa la sindano pamoja na maji, funga mdomo kwa kidole chenye glavu, vuta pistoni kwa nguvu, achilia, rudia. Utaona mapovu yakitoka kwenye tishu na vipande vikizama kimoja kimoja. Vilivyozama ndivyo vilivyo tayari kuoshwa.

Anza na maji yaliyoondolewa ioni, baridi, ukibadilisha mara kwa mara. Maji matupu huingia kwenye seli kwa nguvu na kuzipasua, chembe nyekundu za damu zikiwa za kwanza. Vipande hutoka wekundu, vikawa waridi, vikawa na weupe mchafu. Usiende mbele mpaka maji yatoke bila rangi. Damu iliyobaki hushikana na tishu na huleta chuma ambacho kitakusumbua kwenye vipimo.

Kisha sabuni. Utaratibu uliozoeleka kwa mapafu ni Triton X-100 kwa asilimia 0.1, ikifuatiwa na sodiamu deoksikoleti kwa asilimia 2, kila moja kwa siku nzima kwenye baridi huku ikitikiswa. Halafu maji ya chumvi ya mola 1, halafu kimeng'enya cha DNase cha kukata DNA iliyobaki. Triton ni mpole, hulegeza mafuta ya utando wa seli. Deoksikoleti ni kali zaidi, huzimaliza. Chumvi hutenganisha DNA na protini zilizoikumbatia. Wengine hutumia SDS, sabuni nyingine kali, badala ya deoksikoleti. SDS husafisha haraka, sibishi, lakini hushikamana na protini kiasi kwamba kuiondoa ni kazi kubwa kuliko kuiweka, na ikibaki kidogo tu seli zako zitakufa wewe ukidhani kosa ni la seli. Kwa mradi wa kwanza nisingeigusa.

Deoksikoleti nayo ina hila zake. Haiipendi chumvi nyingi wala asidi: ikikutana na chochote kati ya hivyo hugeuka utelezi mweupe. Ukitoka kwenye deoksikoleti ukaenda moja kwa moja kwenye maji ya chumvi, utaona ute umeganda juu ya vipande na utadhani ni tishu imeoza. Ukiacha mabaki yake mpaka hatua ya asidi huko mbele, utapata mashapo meupe ndani ya jeli. Kwa hiyo kati ya kila hatua osha kwa maji, mara nyingi kuliko unavyoona inatosha. Njia ya haraka ya kujipima: chukua maji ya mwisho ya kuoshea kwenye tyubu, tikisa kwa nguvu, yaache dakika moja. Povu likidumu, endelea kuosha. Hiki si kipimo cha kuandika kwenye tasnifu, maana protini nazo zinatoa povu, lakini kitakuokoa mara nyingi.

DNase inahitaji magnesiamu na kalisiamu ili ifanye kazi. Kama uliweka EDTA, ambayo huyashika madini hayo, kokote huko nyuma kuzuia kuoza, iondoe yote kwanza, la sivyo unamwaga kimeng'enya cha bei bure. Mwisho, asidi ya perasetiki asilimia 0.1 katika ethanoli asilimia 4 ya kuua vijidudu, na suuza tena kwa maji safi. Fanya hatua hii kwenye kabati la kuvutia hewa. Moshi wake unachoma macho na koo.

Utajuaje kwamba seli zimetoka? Tangu mwaka 2011, Crapo, Gilbert na Badylak walipochapisha mapitio yao, wengi hufuata vigezo vitatu: DNA isizidi nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu; vipande vya DNA vilivyobaki viwe vifupi kuliko jozi 200 za besi; na kwenye hadubini, ukipaka rangi ya hematoksilini na eosini au DAPI, kiini cha seli kisionekane. Vigezo hivyo ni makubaliano ya watafiti, na namba 50 haina muujiza wowote. Ila bila vigezo hivyo hakuna mhakiki atakayekusoma. Pima pia ulichopoteza. Ni rahisi kupata tishu isiyo na DNA kabisa kwa kuiosha mpaka imebaki kolajeni tupu, sukari na laminini vyote vimekwenda na maji. Hapo ungenunua tu kolajeni dukani. Pima sukari zenye salfeti na pima haidroksiprolini (inayoonyesha kiasi cha kolajeni) kabla na baada ya kuosha, uweke namba zote kwenye jedwali moja.

Kukausha: gandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha tumia mashine ya kukausha kwa kugandisha. Usijaribu oveni, hata kwa joto dogo, kwa sababu nitakayoieleza chini. Saga ikiwa imepoozwa kwa naitrojeni kimiminika. Bila baridi hiyo tishu kavu ya mapafu haisagiki kuwa unga, inageuka pamba. Usishangazwe na mavuno madogo. Mapafu ni maji kwa takriban asilimia 80, na sehemu kubwa ya yaliyosalia ilikuwa seli ambazo umeshazitupa. Katika gramu 100 ulizoanza nazo utabaki na gramu chache.

Sasa unga uwe kimiminika. Mapishi yanayotumiwa na wengi yalitoka Pittsburgh mwaka 2008, kundi la Badylak likitumia kibofu cha nguruwe: miligramu 10 za unga na miligramu 1 ya pepsini, kimeng'enya kinachokata protini, kwa kila mililita ya asidi ya hidrokloriki ya mola 0.01, ikikorogwa kwenye joto la chumba kwa saa 48. Asidi huivimbisha kolajeni, pepsini hukata zile ncha zinazozifunga molekuli pamoja, na kamba tatu zilizosokotana katikati ya kila molekuli zinabaki nzima kwa sababu pepsini haiziwezi. Hizo kamba nzima ndizo zitakazojisuka upya baadaye kuwa jeli.

Angalia pH. Protini zenyewe hunywa asidi, na saa chache baada ya kuanza utakuta pH imepanda kutoka 2 kwenda 3 au zaidi, pepsini ikaanza kulegea. Rudisha kwa matone ya asidi. Angalia na muda: mapafu si kibofu. Toa sampuli ndogo saa ya 24, ya 36 na ya 48, uzigandishe zote, uone ipi inashika vizuri. Ukizidisha muda jeli inalegea badala ya kukaza. Na vitabaki vipande visivyoyeyuka, vingi vikiwa elastini. Wapo wanaovitoa kwa mashine ya kuzungusha, wapo wanaoviacha. Mimi ningeviacha kama ni vidogo, kwa kuwa elastini ni sehemu ya upafu wa pafu, lakini chochote utakachochagua kiwe hicho hicho kwa kila fungu.

Kugandisha sasa. Kila kitu kwenye barafu, pamoja na ncha za pipeti. Kwa kila mililita 1 ya kimiminika weka mililita 0.1 ya sodiamu haidroksaidi ya mola 0.1, ambayo inatosha kufuta asidi uliyoanza nayo (kama uliongeza matone, itahitaji zaidi kidogo), halafu mililita 0.11 ya PBS, yaani maji ya chumvi yanayotuliza pH, iliyokolezwa mara kumi. Pima pH ifike 7.4, hapo pepsini inanyamaza. Punguza ukali kwa PBS ya kawaida hadi kiwango unachotaka, weka kwenye nyuzijoto 37, na ndani ya nusu saa hivi kimiminika kinakuwa cheupe kama maziwa yaliyoongezwa maji na hakimwagiki ukiinamisha chombo.

Ikiwa haikuganda, fanya jaribio moja kabla ya kulaumu chochote: iweke kwenye friji. Supu ya makongoro huganda usiku kwa baridi na huyeyuka ukiipasha, kwa sababu ile ni jelatini, kolajeni iliyofumuliwa na moto. Jeli yako lazima ifanye kinyume chake: kimiminika kwenye baridi, imara kwenye joto la mwili. Ukikuta inashika kwenye friji na kuyeyuka mkononi, umeipika mahali fulani. Labda kwenye oveni, labda kwenye kisagio kilichopata moto, labda kikorogeo kilikuwa juu ya sahani yenye joto bila wewe kujua. Hairekebishiki. Rudi kwenye unga.

Ukakamavu upime kwa riomita, na hapa kuna mtego. Riomita inakupa moduli ya kukata, yaani ukinzani wa kitu kikisukumwa pembeni; zile kilopaskali 2 nilizozitaja juu ni moduli ya Young, yaani ukinzani kikibonyezwa au kuvutwa, iliyopimwa kwa hadubini ya nguvu za atomu. Kwa vitu vyenye maji mengi kama hivi, ya pili ni takriban mara tatu ya ya kwanza. Nimehakiki tasnifu zaidi ya moja zilizoweka namba hizo mbili bega kwa bega na kuhitimisha kwamba jeli ni laini mno, wakati nusu ya tofauti ilikuwa ya kipimo. Hata hivyo, usitarajie makubwa. Jeli ya miligramu 6 au 8 kwa mililita ni dhaifu, mara nyingi makumi au mamia ya paskali. Kundi la Groningen, Uholanzi, lilionyesha mwaka 2020 kwamba jeli nzito zaidi, iliyotoka mapafu ya binadamu, inaweza kukaribia ukakamavu wa tishu yake. Kuna pia viungio vya kuikaza, kama genipini inayotokana na matunda, au mchanganyiko wa rutheniamu unaowashwa kwa mwanga. Na Lund, Sweden, mwaka 2021 walichanganya matriksi ya mapafu na aljineti ya mwani ili wapate wino wa kuchapishia mirija midogo kwa printa. Yote hayo yasubiri. Kwanza jeli yako iwe jeli.

Seli sasa. Tumia fibroblasti za mapafu ya binadamu, zichanganye na kimiminika kilichosawazishwa pH kikiwa bado baridi, mimina, peleka kwenye nyuzi 37, na kigeuze chombo juu chini mara mbili tatu katika dakika za mwanzo ili seli zisizame zote sakafuni. Ukiona baada ya siku kadhaa jeli imejikunja na kujiachia ukutani, usiitupe: fibroblasti zinaivuta, na upana wake uliopungua ni data. Kuhusu A549, ambazo kila maabara inazo: ni seli za saratani. Zinafaa kuonyesha kwamba jeli haina sumu, hazifai kuonyesha kwamba pafu linafanya kazi.

Kilinganishi chako kikuu kiwe kolajeni ya aina ya kwanza peke yake, kwa kiwango kile kile. Bila hicho huwezi kusema pafu limeongeza chochote. Si lazima ununue: nyuzi za mkia wa panya zikilowekwa kwenye asidi ya asetiki hutoa kolajeni safi, na panya wa majaribio wapo kwenye vyuo vyetu. Pima pia endotoksini, sumu iliyo kwenye ganda la bakteria. Perasetiki inaua bakteria lakini ganda lao linabaki kwenye tishu, na ganda hilo peke yake linaziamsha seli za kinga kama vile kuna maambukizi. Kwa tishu ya machinjioni hili si la kuruka.

Kuhusu nguruwe, umesema mnamkwepa, basi soma lebo za chupa zako. Pepsini ya kawaida ya maabara hutolewa kwenye tumbo la nguruwe, na DNase nyingi hutoka kwenye kongosho la ng'ombe. Zipo pepsini za vyanzo vingine, muulize muuzaji kabla ya kuagiza. Kama hilo linaharibu uhalali wa jeli ambayo haitaingia mwilini mwa mtu, mimi si wa kutoa fatwa. Waulize wenye elimu ya dini. Kitabibu, kuna jambo jingine ambalo mbuzi na nguruwe wanalishiriki: sukari ya alfa-gali, ambayo mwili wa binadamu hauna na una kingamwili dhidi yake. Kuhama kutoka nguruwe kwenda mbuzi hakukutoi huko. Lakini pia si ukuta usiopitika, kwani jeli ya misuli ya moyo wa nguruwe, VentriGel ya kundi la Karen Christman wa San Diego, ilishadungwa kwa wagonjwa 15 waliopata mshtuko wa moyo, na matokeo ya usalama yakachapishwa mwaka 2019.

Kwa msimamizi wako, andika swali dogo hivi: je, jeli ya mapafu ya mbuzi wachanga inaganda kwenye nyuzijoto 37, ina DNA chini ya kigezo, na fibroblasti za binadamu zinaishi ndani yake siku saba sawa na ndani ya kolajeni au zaidi? Linganisha njia mbili za kuosha, basi. Hiyo ni tasnifu kamili. Atakayekuja nyuma yako ataikaza jeli hiyo kufikia ukakamavu wa pafu lenye makovu ya kifua kikuu, ugonjwa ambao kwetu sisi una uzito kuliko mengi yanayoandikwa kule, na atakuwa na mahali pa kuanzia. Usichanganye mbuzi wote kwenye unga mmoja wakati wa kupima. Pima kila mnyama peke yake ujue wanatofautiana kiasi gani, kisha ndipo uchanganye kwa ajili ya seli. Unga uliobaki utunze kwenye friza ukiwa umefungwa na kikausha unyevu, na usiufungue ukiwa bado baridi, utavuta maji.

Kabla hujakanyaga machinjioni, tafuta mashine mbili: ya kukausha kwa kugandisha na riomita. Ya kwanza iulizie kwa watu wa chanjo na wa mikrobiolojia. Ya pili usiitafute kwenye kitivo cha tiba, huipati. Waulize watu wa sayansi ya chakula au wahandisi wa kemikali, ambao huitumia kupima mtindi na rangi za kuta. Itakufaa mradi sahani yake iweze kushikilia nyuzi 4 na 37, na wakukubalie kuisafisha mwenyewe.